Dunia imejaa, dawa ni kuhamia Mirihi? Jibu kwa mwalimu wa fizikia

Swali: "Mimi ni mwalimu wa fizikia, nina miaka 29. Nimelelewa na mama peke yake, na njaa naijua. Kwa miaka miwili sasa nahudhuria kikundi cha kusoma kinachoongozwa na kaka mmoja msomi sana. Hoja yake ni kwamba dunia imejaa, mali yake ina kikomo na serikali zimetubana kila upande, kwa hiyo dawa ya umaskini, ya kukosa uhuru na ya wingi wa watu ni moja tu: makoloni ya anga za juu. Anasema hata Ulaya ilitoka kwenye ufukara kwa kuhamia Amerika, na kwamba anayechangia visima na shule anabandika plasta juu ya donda ndugu. Sasa kikundi kinataka kila mmoja atoe akiba yake tununue viwanja Mirihi kabla bei haijapanda. Mwisho wa kuchangia ni mwisho wa mwezi. Tena nimekwisha kumwambia mchumba wangu kuwa sitaki watoto, maana dunia haiwezi kuwabeba. Alilia sana. Je, nimekosea, au niko sahihi?"

Mwalimu, nianze na pesa, kwa sababu pesa ina tarehe. Usitoe. Kiwanja cha Mirihi hakipo, wala cha Mwezi. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967, ambao nchi zaidi ya 110 zimeuridhia, unasema katika ibara ya pili kwamba hakuna taifa linaloweza kujitwalia Mwezi wala sayari nyingine, iwe kwa kutangaza mamlaka, kwa kuikalia au kwa njia nyingine yoyote. Hati ya ardhi ina nguvu kwa sababu kuna dola, yaani serikali, nyuma yake. Pasipo na dola yenye ardhi hiyo, hakuna wa kukukatia kipande. Huenda ukatajiwa sheria ya Marekani ya mwaka 2015 au ya Luxembourg ya mwaka 2017. Sheria hizo zipo, lakini zinampa mchimbaji haki juu ya kile alichochimba tu, kama mvuvi wa bahari kuu anavyomiliki samaki aliyemvua bila kumiliki bahari. Mwaka 2012 mradi mmoja ulioanzia Uholanzi ulitangaza kuwa utawapeleka watu Mirihi wakaishi huko maisha yao yote. Ulitoza ada za maombi, na mwaka 2019 ukafilisika bila kuwa na chombo hata kimoja.

Kama umeshatoa chochote, kusanya risiti na ujumbe mlioandikiana, kisha umwone wakili au ofisi inayolinda haki za watumiaji, ana kwa ana, wiki hii. Simwiti kaka yako tapeli. Wengi wanaouza vitu vya namna hii wameuziwa wao kwanza.

Sasa hoja yenyewe. Nataka kuitendea haki, kwa sababu mimi mwenyewe niliingia kwenye uhandisi wa satelaiti kwa mlango huohuo. Nilikuwa kijana niliyeona dhiki, nikasoma kwamba juu ya vichwa vyetu kuna nishati na madini yasiyokwisha, nikaona jibu limepatikana. Walioanzisha wazo hili hawakuwa wapuuzi. Mwaka 1974 Gerard O'Neill, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Princeton, alichapisha hesabu za makazi makubwa yanayoelea angani, yakijizungusha ili wakazi wahisi uzito, na yakijengwa kwa malighafi ya Mwezi. Mwaka uliofuata NASA, shirika la anga la Marekani, ilikusanya wataalamu majira yote ya joto, wakasanifu pete ya watu 10,000. Fizikia yake ni sahihi, unaweza kuwapa wanafunzi wako waikague. Kilichoangusha mpango ni nauli. Ulitegemea vyombo vya Space Shuttle, vya kupeleka watu angani na kuwarudisha, viruke mara kwa mara kwa bei nafuu. Vikaruka mara 135 katika miaka 30, kwa gharama kubwa, na viwili kati yake vikapotea pamoja na watu 14.

Nauli ni ghali kwa sababu ambayo wewe unaifundisha. Konstantin Tsiolkovsky, mwanasayansi wa Urusi, aliiandika mwaka 1903: ukitaka roketi iende kasi zaidi unaiongezea mafuta, lakini mafuta hayo nayo yanahitaji mafuta mengine ya kuyainua, na hayo yanahitaji mengine. Ili kuzunguka dunia bila kuanguka unahitaji karibu kilomita 7.8 kwa sekunde. Apollo 11, safari ya kwanza iliyotua na watu Mwezini, iliondoka ardhini na uzito wa tani 2,900 hivi. Kilichorudi na kutua baharini kilikuwa tani kama tano, pamoja na watu watatu. Nimewahi kukaa kikaoni asubuhi nzima, wahandisi saba, tukibishana juu ya gramu 40 za waya, na hakuna aliyeona tunapoteza muda. Roketi za siku hizi ambazo sehemu yake ya chini hurudi na kutumika tena zimeshusha bei sana, na zitaishusha zaidi. Lakini hata nauli ikiwa bure, swali la wingi wa watu linabaki palepale. Nitakuonyesha.

Chukua chaki. Ukitoa vifo kwenye vizazi, dunia inaongezeka watu kama milioni 70 kwa mwaka. Gawa kwa siku, unapata karibu 190,000. Sasa, tangu Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika angani, alipokwenda mwaka 1961, watu wote waliowahi kufika kwenye mzingo wa dunia, yaani njia ya kuizunguka, ni mia sita na ushee. Ongezeko la dunia linaifikia idadi hiyo kwa dakika tano hivi. Tuseme tumepata chombo cha kubeba abiria 100, jambo ambalo halijawahi kufanyika. Ili dunia isipungue hata mtu mmoja bali ibaki ilivyo leo, zinahitajika safari 1,900 kila siku, yaani moja kila sekunde 45, usiku na mchana, bila kupumzika. Na kama safari ni ya Mirihi, hesabu inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu nafasi nzuri ya kuondoka hutokea mara moja kila miezi 26, sayari mbili zinapokuwa zimekaa vizuri. Kwa miezi hiyo wamekusanyika watu milioni 150. Vyombo milioni moja na nusu viondoke kwa pamoja. Wape wanafunzi wako hesabu hii bila kuwaambia jibu, uone nyuso zao.

Basi, kama meli haziwezi, idadi ya watu itatulizwa na nini? Inatulia tayari, na hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na kaka yako. Katika miaka ya 1960 mwanamke wa kawaida duniani alizaa watoto watano hivi. Leo ni wawili na robo. Zaidi ya nusu ya nchi za dunia ziko chini ya 2.1, kiwango ambacho kizazi hujirudishia tu bila kuongezeka. Umoja wa Mataifa, katika makadirio yake ya mwaka 2024, unaona idadi ikifika kilele cha watu bilioni 10.3 katikati ya miaka ya 2080, kisha ianze kushuka taratibu. Tunaendelea kuongezeka kwa sasa hasa kwa sababu vijana waliokwisha kuzaliwa ni wengi, nao watazaa, hata kama kila mmoja anazaa wachache kuliko mama yake.

Kilicholeta mabadiliko hayo kinajulikana. Mzazi anayejua kwamba watoto wake wataishi hazai wengine wa akiba. Msichana anayebaki shuleni huchelewa kuolewa na hujifunza kwamba ana la kusema juu ya mwili wake. Mke anayepata uzazi wa mpango karibu na nyumbani hupanga. Iran ilikuwa na watoto zaidi ya sita kwa kila mwanamke mwanzoni mwa miaka ya 1980, na miongo miwili baadaye walikuwa wawili. Bangladesh ilitoka karibu saba hadi wawili hivi, ikiwa bado nchi maskini. Sasa tazama orodha hiyo tena: maji safi yanayowanusuru watoto na kuhara, darasa, mkunga, zahanati. Visima na shule ambavyo kaka yako anaviita plasta ndivyo vilivyofanya kazi ambayo meli zake haziwezi kuifanya.

Kuhusu Ulaya na Amerika, amechukua nusu ya habari. Kati ya miaka ya 1820 na 1920 waliondoka Ulaya watu zaidi ya milioni 50. Katika karne ileile ya 19 idadi ya watu wa Ulaya iliongezeka karibu maradufu. Uhamaji uliwasaidia wengi waliohama, na huko Ireland hata mishahara ya waliobaki ilipanda kiasi, kwa hiyo sisemi haukufaa kitu. Lakini Ulaya haikutoka kwenye ufukara kwa kupungua watu. Ilitoka kwa viwanda, maji safi, vyama vya wafanyakazi, shule za lazima na kura. Halafu kuna jambo ambalo hoja yake inalipita kimyakimya: ardhi hizo zilikuwa na wenyewe, na kwao ujio wa wahamaji ulikuwa maangamizi. Aidha, mhamaji alikuta hewa, mvua na udongo, vyote bila kulipia. Kama nafasi tupu ingekuwa ndiyo haja yetu, Antaktika ina kilomita za mraba milioni 14, hewa ya kuvuta, maji ya kuyeyusha kila mahali, na unafika kwa ndege. Wakati wa baridi inakaliwa na watu kama elfu moja, wote wakiletewa chakula kutoka kwingine.

Umaskini sasa. Neno "mali ya dunia ina kikomo" linavuta, kwa sababu madini kweli yana kikomo. Ila umaskini wa mtu hautokani na dunia kupungukiwa na madini. Unajua mfano ulio wazi kuliko yote? Hispania. Mwaka 1545 Wahispania walifikia mlima wenye madini ya fedha huko Potosí, katika nchi ambayo leo ni Bolivia, wakawalazimisha wenyeji kuuchimba, wakaisafirisha fedha hiyo meli kwa meli. Kwao ilikuwa kama fedha ya sayari nyingine, iliyoletwa ng'ambo ya bahari. Matokeo yake bei za vitu zilipanda karne nzima, vita vikagharimiwa, na taji la Hispania likashindwa kulipa madeni yake mwaka 1557, tena 1575, tena 1596. Mkulima wa Kihispania hakuona nafuu. Utakutana mtandaoni na makadirio ya asteroidi fulani, yaani mwamba unaolizunguka jua, kuwa na thamani ya matrilioni yasiyohesabika. Thamani hiyo imepigwa kwa bei ya leo, na bei ya leo ipo kwa sababu kitu ni adimu. Kikiacha kuwa adimu bei inaanguka, na wa kwanza kuumia ni wachimbaji na nchi zinazoishi kwa kukiuza. Tena bado tuko mbali: chombo cha OSIRIS-REx kilisafiri miaka saba, kwa gharama ya zaidi ya dola bilioni moja, na Septemba 2023 kikaangusha duniani kasha lenye gramu 121.6 za asteroidi Bennu. Ni hazina kubwa kwa sayansi, lakini hazizidi ujazo wa viganja viwili vya mkono.

Amartya Sen, mwanauchumi wa Kihindi, alichunguza njaa ya Bengal ya mwaka 1943, iliyoua watu wapatao milioni tatu, akaonyesha kwamba chakula hakikupungua kwa kiasi cha kueleza vifo vile. Bei ilipanda kwa sababu ya vita, ujira wa vibarua haukupanda, na waliokufa ni wale ambao hawakuwa na cha kununulia. Njaa uliyoijua utotoni, naamini, ilikuwa ya namna hiyo. Chakula kilikuwapo dukani. Mama hakuwa na njia ya kukifikia. Upande wa pili, mwaka 1990 zaidi ya theluthi moja ya watu wa dunia waliishi katika ufukara uliokithiri kwa kipimo cha Benki ya Dunia. Leo ni mmoja kati ya kumi hivi. Mamia ya mamilioni waliotoka humo, hasa China, Vietnam, Indonesia na India, walitoka kwa kupata mashamba ya kulima wenyewe, kwa mbegu bora, kwa barabara, kwa shule na kwa ajira za viwandani. Wengi waliobaki wanaishi penye vita na dola dhaifu, na hayo hayatatuliwi na madini ya juu.

Nafika kwenye uhuru, na hapa niruhusu nikawie, kwa sababu ndilo lililonibadilisha mawazo mimi mwenyewe.

Watu huwaza koloni la anga kama shamba la mbali ambako hakuna chifu wala mtoza kodi. Waza badala yake kuhusu hewa. Mtu mzima anahitaji karibu gramu 840 za oksijeni kila siku. Duniani hakuna anayekuuliza umezipata wapi. Mirihi, ambako kanieneo ya hewa haifiki asilimia moja ya hii yetu na karibu yote ni hewa ya ukaa, kila gramu inatoka kwenye mtambo. Mtambo una mwenyewe, una fundi, una vipuri vilivyoko stoo yenye kufuli. Mwenye ufunguo ule ana mamlaka ambayo hakuna mfalme aliyewahi kuwa nayo. Charles Cockell, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, ameliandikia sana jambo hili: mahali ambapo hewa yenyewe inazalishwa, udikteta una njia rahisi kuliko popote duniani. Mgomo wa wafanyakazi utaugomaje ikiwa wanaogoma ndio wanaoendesha oksijeni ya watoto wao? Utaacha kazi uende wapi? Hata mtawala mwema atalazimika kuwachunga watu usiku na mchana, kwa sababu mtu mmoja mwenye hasira na nyundo anaweza kuua mji mzima kwa kutoboa ukuta.

Kuna nyumba moja ya vioo ambayo nakuomba uisome habari zake. Septemba 1991, huko Arizona, watu wanane walijifungia ndani ya Biosphere 2, hekta 1.27 zenye msitu mdogo, bahari ndogo na shamba, ili waishi miaka miwili bila kuingiza chochote. Baada ya miezi 16 oksijeni ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 20.9 hadi kama 14, sawa na kuishi juu ya mlima wa zaidi ya mita 4,000. Walilala vibaya, na walishindwa kumaliza sentensi ndefu bila kusimama kuvuta pumzi. Chanzo kilikuwa vijidudu vya kwenye udongo ule uliojazwa mboji, vilivyokuwa vikila oksijeni na kutoa hewa ya ukaa. Mimea ingeirudisha oksijeni, lakini zege la kuta lilikuwa likiinyonya hewa hiyo ya ukaa kimyakimya na kuigeuza chokaa. Hakuna aliyekuwa ameliwaza zege. Wadudu wachavushaji walikufa, mende na sisimizi wakaongezeka. Na wale wanane, watu wenye elimu na nia njema, waligawanyika makundi mawili ya wanne wanne wasiosemezana. Januari 1993 ikabidi oksijeni iingizwe kutoka nje kwa malori. Nje palikuwa na malori, Mwalimu. Mirihi ujumbe wako unachukua kati ya dakika tatu na 22 kufika, na lori linalofuata liko miezi mingi mbali.

Ongeza nauli. Nusu au zaidi ya wazungu waliokwenda makoloni ya Uingereza ya Amerika ya Kaskazini katika karne za 17 na 18 walikwenda kama watumishi wa mkataba, wakilipa nauli kwa miaka kadhaa ya kutumikishwa, na mkataba wao uliweza kuuzwa kwa bwana mwingine. Huko Jamestown, koloni la kampuni lililoanzishwa mwaka 1607, walowezi walipokwisha kufa kwa njaa kwa mamia, wakubwa walileta sheria za kijeshi, na kuiba chakula cha ghala kulikuwa na adhabu ya kifo. Hapo hewa ilikuwa bure. Mwaka 2020 Elon Musk, mwenye kampuni ya roketi ya SpaceX, alisema hadharani kwamba wasio na pesa za kwenda Mirihi wataweza kukopeshwa. Simtuhumu kwa nia mbaya, ila mkopo wa nauli ya kwenda mahali ambapo mkopeshaji ndiye mwajiri, mwenye nyumba na mwenye hewa, historia inaujua ulivyo. Wala mkataba wa 1967 haumwachi mtu huru na serikali: kila chombo hubaki chini ya sheria za nchi ilikosajiliwa, na nchi inawajibika kuzisimamia kampuni zake daima. Aliyekubana hapa atakufuata huko, akiwa na funguo za mtambo.

Je, basi napinga kwenda angani? Sipingi, na nisingetaka utoke hapa umeugeukia upande wa pili, ule unaosema pesa za anga zingemaliza njaa. Bajeti ya NASA haifiki nusu ya asilimia moja ya matumizi ya serikali ya Marekani, wakati matumizi ya kijeshi ya dunia mwaka 2023 yalizidi dola trilioni 2.4. Kituo cha Kimataifa cha Anga hakijawahi kukosa watu tangu Novemba 2000, na tumejifunza humo mengi juu ya mwili wa binadamu na ya kusafisha maji. Vituo vidogo vya utafiti Mwezini na hata Mirihi, vya watu wanaokwenda wakijua na kurudi, naviunga mkono kwa moyo wote. Kuna hoja ya kimondo pia, kwamba kikubwa kinaweza kuigonga dunia, hivyo tusiweke mayai yote kapu moja. Ni hoja ya kweli, ingawa njia nafuu imekwisha kujaribiwa: Septemba 2022 chombo cha DART kiligonga asteroidi ndogo ya Dimorphos kwa makusudi, na muda wake wa kuizunguka asteroidi kubwa yake ukapungua kwa zaidi ya nusu saa.

Na anga imekwisha kumsaidia maskini, ila kwa kutazama chini. Kimbunga cha Novemba 1970 kwenye Ghuba ya Bengal kiliua watu zaidi ya 300,000. Satelaiti ilikwisha kukiona. Onyo halikuwafikia watu, na mahali pa kukimbilia hapakuwapo. Mei 2019 kimbunga Fani kilipoipiga pwani ileile upande wa India, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishwa kabla, na waliokufa hawakufika mia moja. Picha kutoka juu zilikuwa bora zaidi, ni kweli. Lakini kati ya picha na uhai wa mtu palijengwa redio, mabanda ya zege, na vijana wa kujitolea wanaojua kila nyumba yenye mzee asiyeweza kutembea. Kama unataka kuutumikia ufukara kwa fizikia, nafasi yako iko hapo: picha za Landsat, satelaiti za Marekani zinazopiga picha ardhi, ni bure kwa yeyote tangu mwaka 2008, na mwanafunzi wa sekondari mwenye kompyuta anaweza kusoma ndani yake ukame unavyosogea.

Limebaki la mchumba wako. Kaka yako anaogopa mtoto kuzaliwa duniani, lakini mpango wake hauwezi kudumu bila watoto kuzaliwa huko. Hakuna binadamu aliyewahi kutungwa mimba wala kuzaliwa nje ya dunia. Watu wazima wanaoelea kwenye mzingo huweza kupoteza asilimia moja hadi moja na nusu ya uimara wa mifupa ya nyonga na miguu kila mwezi, ndiyo maana hufanya mazoezi kama saa mbili kwa siku ili kuipunguza hasara hiyo. Mvutano wa Mirihi ni asilimia 38 ya huu wetu, na mtoto atakayekulia humo huenda mwili wake ukamkatalia kurudi, bila yeye kuulizwa. Mtoto wako akizaliwa hapa hataijaza dunia, wala asipozaliwa hataiokoa.

Kutotaka watoto si kosa, na wapo wanaoishi hivyo kwa amani. Ila nimeisoma barua yako mara kadhaa, na nadhani uamuzi wako haukuanzia kwenye hesabu za sayari. Umeandika njaa unaijua. Mtoto unayeogopa kumleta, nahisi, ni wewe ulivyokuwa na miaka saba. Hilo halitibiwi na mimi kwa maandishi. Tafuta mshauri nasaha, au mtu mzima unayemheshimu anayeweza kuketi nawe na kukusikiliza, na usichelewe kama usiku hulali au unaona mambo yote hayana maana. Kisha nendeni wawili kwenye kituo cha afya mkaulize habari za uzazi wa mpango, kwa sababu kati ya kuzaa ovyo na kutozaa kabisa mna nafasi kubwa ya kupanga: lini, wangapi, mkiwa na nini mkononi. Kabla ya hayo yote mweleze habari za mama yako, kama hujamweleza. Alilia akidhani humtaki yeye.